Gari la Mkunga Linavuta Kushoto

Mbele ya gereji ya Fundi Najua kipo kiti kirefu cha nyuma cha basi dogo lililokwisha kufa. Kimepandishwa juu ya matofali, na tangu siku ya kwanza kimeinama kushoto. Ukikaa kulia, kabla kikombe cha pili hakijafika umeshateleza hadi mapajani mwa mwenzako, na yule wa mwisho kushoto anabaki tako moja likiwa hewani. Tofali moja tu lingetosha kukinyoosha, lakini wanaokaa pale ni watu wa fikra nzito, hawana nafasi ya kuhangaika na matofali. Kuna Gia Tano, aliyeendesha lori miaka thelathini na sasa anaendesha mdomo tu. Kuna Upara, kinyozi wa kibanda cha jirani, ambaye wateja wake hukaa wakikitazama kichwa chake kwa wasiwasi. Kuna Mama Birika anayeuza kahawa na kuwasikiliza, na ni kazi mbili hizo. Na yupo Fundi mwenyewe, aliyepewa jina la Najua kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akijibu neno jingine.

Asubuhi hiyo Fundi alikaa mwisho kabisa kushoto, tako lake moja hewani, na hakulalamika. Mama Birika ndiye aliyeona kwanza.

— Fundi, kahawa inapoa. Unaumwa?

— Siumwi. Nafikiri.

— Ahaa, — Upara akasema. — Ndiyo maana umechoka hivyo. Mwili haujazoea.

Kilichomfikirisha kilikuwa nyuma yao, chini ya bati: gari dogo jeupe la mkunga wa zahanati. Mkunga alilileta juzi likiwa na shida ndogo tu. Lilikwenda sawa, ila usukani ulikaa kombo, kama picha iliyotundikwa vibaya ukutani. Fundi alicheka. Akaung'oa usukani, akauzungusha meno mawili matatu kwenye mhimili wake, akaurudisha umenyooka. Kazi ya dakika kumi. Magari ya zamani aliyafanyia hivyo mpaka akaacha kuhesabu. Sasa usukani umenyooka, ila gari lenyewe linakwenda kushoto. Ukilegeza mikono tu, linageuka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Na mkunga anakuja saa sita kulichukua, maana ng'ambo ya mto kuna wajawazito watatu waliofikia siku zao.

— Linavuta kiasi gani? — Gia Tano akauliza.

— Kidogo.

— Kidogo kama nini?

— Nililijaribu alfajiri. Niliingia kwa muuza mkaa.

— Mlangoni kwake?

— Kwenye mkaa.

Ndipo Upara akaelewa kwa nini shati la Fundi lilikuwa jeusi kuliko siku zote.

— Oili ya usukani umeongeza? — Gia Tano akauliza. — Usukani ukisumbua, dawa ni oili. Hiyo haihitaji shule.

— Hakuna pa kuitia. Jana kutwa nzima nilitafuta kopo la oili. Hakuna kopo, hakuna pampu, hakuna mpira. Kuna reki, lile rodi la meno linalosukuma magurudumu huku na huku, na ubavuni wamefunga mota ya umeme. Ukigusa usukani, mota inakusaidia kusukuma.

— Bila oili?

— Hata tone.

— Wenyewe wameona mbali, — Upara akasema. — Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana wakayaondoa kabisa.

Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Kwenye kiti kile methali hailazimiki kuhusu chochote, ilimradi itamkwe polepole.

Gia Tano akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue elimu inakuja.

— Sikilizeni. Mota ina sumaku ndani, sivyo? Na upande wa kushoto wa barabara hii kuna nani?

— Kuna yule wa vyuma chakavu, — Upara akajibu.

— Basi. Kesi imekwisha.

— Lakini wakati wa kurudi, — Fundi akasema, — vyuma vinakuwa kulia kwangu, na bado linavuta kushoto.

Gia Tano akaitazama barabara, kushoto na kulia.

— Inategemea na chuma, — akasema.

— Wewe sumaku waachie watoto wa shule, — Upara akadakia, huku akijivuta kupanda juu maana alikuwa ameshateleza. — Gari lile limetoka nchi za watu. Limekuja hapa halina ndugu, halina jamaa. Mkataa kwao mtumwa! Linataka kwao.

— Na kwao ni kushoto?

— Kwao ni mbali. Lazima lianzie mahali.

Mama Birika akamwaga masimbi ya kahawa mtaroni, akasema kwa upole:

— Mimi sina elimu ya sumaku. Lakini mbona msimwite Mpwa aje aliangalie?

Vichwa vyote vikageuka. Ng'ambo ya barabara, mkabala nao kabisa, kulikuwa na gereji nyingine, ndogo, sakafu yake imefagiliwa. Mwenye nayo ni binti wa dada yake Fundi. Alijifunza kazi kwa mjomba wake miaka sita, mpaka siku alipomwomba wanunue kompyuta ya kusomea magari. Fundi alimjibu mbele ya wateja kwamba gari si kitabu, halisomwi, linasikilizwa. Binti akakunja ovaroli yake, akavuka barabara. Huu mwaka wa pili, mjomba na mpwa wanapungiana mikono kama watu waliopishana kwenye meli mbili, na kiti kimempa jina Daktari wa Kioo, kwa ajili ya kioo cha kompyuta aliyojinunulia.

— Najua ninachofanya, — Fundi akasema.

— Anajua anachofanya, — Gia Tano akathibitisha. — Mkaa wenyewe alichagua ule mkavu.

Upara hakuwa anawasikiliza. Macho yalikuwa yamemtoka, kikombe kimesimama njiani kuelekea mdomoni.

— Jamani. Nimelipata.

— Toa.

— Mke wangu alipokuwa na mimba, mkunga yule alimwambia alalie ubavu gani?

Gia Tano akakumbuka ya kwake.

— Wa kushoto.

— Na wako?

— Kushoto huohuo. Wote huwaambia hivyo.

— Haya. Gari lile limebeba wajawazito wangapi? Miaka yote linasikia, "Lala kushoto, mama. Geuka kushoto, mama." Gari la zamani lingesikiaje, lina oili masikioni. Hili ni la umeme, lina akili. Limesikia, limeshika, limetii. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mkunga!

Hata Mama Birika aliacha kumimina. Lilikuwa jambo la kipuuzi kupita kiasi. Fundi mwenyewe, Mungu amsamehe, aliligeuzageuza kichwani akitafuta pa kuliamini.

— Basi mwambie mkunga hivyohivyo, — Gia Tano akasema. — Mwambie gari limepona, ila ashike usukani akielekeza kulia kidogo. Atazoea. Mimi lori langu lilikuwa halina breki Jumatatu na Alhamisi, nikazoea.

Fundi alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Alilifikiria tangu alfajiri, akiokota mkaa. Ni maneno machache tu, na jina lake lingebaki salama mtaani. Lakini kila akiyapanga, alikuwa akiliona daraja la mtoni, ambalo ukingo wake wa kushoto ulichukuliwa na mafuriko na haukurudishwa. Alimwona mkunga amechoka, mkono mmoja umelegea. Fundi aliogopa. Aliogopa daraja, na kwa aibu yake aliogopa pia zile hatua ishirini za kuvuka barabara, na hakuwa na uhakika kipi kinamtisha zaidi.

Saa sita haikusubiriwa. Saa tano na kitu mkunga alitokea kwa miguu, mkoba begani, jasho usoni.

— Hamjambo? Fundi, nipe funguo, baba. Mmoja ameanza uchungu. Bado unamjia kwa mbali, lakini baada ya saa moja na nusu niwe nimefika.

Mkono wa Fundi ukaenda mfukoni, ukazishika funguo, ukabaki humo.

— Limepona, mama! — Gia Tano akamwahi. — Usukani umenyooka kama rula. Ila ulishike kwa nguvu, ukielekeza kulia.

— Kwa nini kulia?

— Kwa sababu lenyewe litakuwa linakwenda kushoto.

Mkunga akamtazama kama anavyowatazama waume wanaozimia chumba cha kujifungulia.

— Linajigeuza lenyewe?

— Halijigeuzi, linasaidia, — Upara akaeleza. — Ni la umeme. Usukani ukisogea linajua, linakusukumia.

— Sawa, linasaidia. Lakini linajuaje mbele ni wapi?

Hakuuliza kwa kebehi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kabla hajaondoka. Gia Tano akamtazama Upara. Upara akamtazama Mama Birika. Mama Birika akatazama ndani ya birika. Kisha wote, polepole, kwa sababu kiti kiliwatelezesha huko, wakamwelekea Fundi.

Fundi alifungua mdomo, na lile neno lake likaja lenyewe kama kawaida. Akalishika mlangoni. Kweli, linajuaje? Gari halina macho. Lazima kuna kitu kinachoutazama usukani na kuliambia hapa ndipo katikati. Na usukani nani aliuhamisha?

— Sijui, mama, — akasema.

Kahawa ya Mama Birika ikapita kikombe, ikamwagikia kiatu cha Gia Tano, naye hakusikia moto.

— Sijui, — Fundi akarudia, na mara ya pili ilikuwa nyepesi kidogo. — Na funguo sikupi. Lilikuwa likienda sawa, mimi ndiye niliyelipotosha. Kaa hapo dakika moja. Kaa kulia.

Akashuka kitini, akavuka barabara.

— Anakwenda wapi? — Upara akanong'ona.

— Anakwenda kumsahihisha yule mtoto, — Gia Tano akasema. — Alikuwa anamvizia siku nyingi.

Binti alimwona akija tangu mwanzo. Alifuta mikono iliyokuwa safi, akaifuta tena.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba.

Fundi alitaka kuanza na hali ya hewa, kisha afya ya dada yake, kisha bei ya vipuri. Lakini ng'ambo ya barabara mkunga alikuwa amekaa na mkoba magotini.

— Niliung'oa usukani wa gari la mkunga nikaunyoosha. Sasa linavuta kushoto. Anasubiriwa na mzazi.

Binti hakucheka. Fundi alikuwa amejiandaa kwa kicheko, na alipokikosa machozi yakamlengalenga, akasingizia vumbi.

— Kwenye mhimili kuna sensa, mjomba, kifaa kinachozunguka pamoja na usukani. Hiyo ndiyo inayoliambia mbele ni wapi. Ulipouhamisha usukani, mbele yake ikahama. Linadhani limepinda, kwa hiyo mota inajitahidi kulirudisha. Linafanya kazi yake tu. Ule ukombo wa mwanzo ulitoka chini, kwenye tairodi, zile fimbo za magurudumu, na ndiko kwa kunyoosha. Tunarudisha usukani ulipokuwa, tunanyoosha chini, halafu kompyuta inalionyesha katikati. Nusu saa tu.

— Nusu saa?

— Ikiwa tunajua usukani ulikuwa jino lipi. Uliweka alama kabla ya kuung'oa?

Fundi akatazama sakafu safi. Siku ya kwanza binti huyu alipoingia gerejini kwake, hakumpa spana. Alimpa kipande cha chaki, akamwambia, "Mwanangu, using'oe kitu hujakiwekea alama. Kichwa husahau, chuma hakisahau." Alimwambia hivyo miaka sita, asubuhi na jioni, mpaka binti akawa anaota.

— Sikuweka, — Fundi akasema. — Nilikuwa najua.

Binti akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa chaki, fupi, imeisha nusu. Akamwekea mkononi. Akabeba kompyuta yake kwapani, wakavuka barabara pamoja.

— Umeona? — Gia Tano akamwambia Upara. — Amekwenda kumnyang'anya chaki.

Ilichukua dakika arobaini, kwa sababu jino lilibidi litafutwe. Fundi alishika tochi, akapokea amri, akaweka alama kila alipoambiwa na hata pale ambapo hakuambiwa. Mkunga alipoondoka, gari lilipita mbele ya kiti likiwa limenyooka, likapita vyuma chakavu bila kuvitazama, likapita muuza mkaa, ambaye aliingia ndani na kufunga mlango, likaelekea darajani. Fundi alisimama katikati ya barabara mpaka likapotea.

— Ni sumaku ilikwisha nguvu, — Gia Tano akasema.

Fundi alizunguka nyuma ya gereji, akarudi na tofali moja. Akapiga magoti, akachora mstari wa chaki mahali mguu wa kiti ulipokuwa, akamwomba mpwa wake anyanyue, akaliingiza tofali. Kisha akamwomba akae anywe kahawa, na binti akakaa.

Kwa mara ya kwanza kiti kikawa sawasawa. Wakakaa wote, vikombe mkononi. Gia Tano akajisogeza kidogo. Upara akashika ukingo kwa mikono miwili, uso umemsawijika.

— Fundi, — akasema, — hiki kiti chako sasa kinavuta kulia.