Bega la Mama Kona na Kazi Nyepesi

Mgeni rasmi, bosi wetu mkubwa, shikamoo. Sisi wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro tunakukaribisha kwa mikono miwili, isipokuwa Mama Kona, anayekukaribisha kwa mmoja. Keti bila wasiwasi. Kiti hicho tumekijaribu kwa kumkalisha mlinzi, na mlinzi ni mzima.

Tumeambiwa umekuja kumuaga Mama Kona, akapumzike nyumbani mpaka apone kabisa. Ahsante kwa kuja. Shughuli yenyewe ndiyo hatuiafiki.

Historia ya bega

Mama Kona anashona kona za magodoro, na jina alilipatia hapo. Mwezi uliopita robota la vitambaa liliteleza kwenye rafu likamwangukia begani. Alitukana kwanza, akalia baadaye. Daktari alimfunga mkono wa kulia, akasema bega litapona vizuri akiendelea na shughuli kidogo kidogo, kuliko akilala tu.

"Mpeni kazi nyepesi," akasema.

Mafanikio

Msimamizi wetu, yule anayekohoa pale nyuma, akatafuta kitu chepesi kuliko vyote kiwandani. Akakipata: sponji. Mama Kona akapewa kazi ya kupandisha sponji ghorofani.

"Baba, na bega hili?"

"Mama, sponji hata mtoto ananyanyua!"

Kweli, ni nyepesi. Ila ni pana kama mlango, na ngazi zetu unazijua. Sponji ikakwama katikati, ikamsukuma, wakabiringika wote wawili mpaka chini. Kwa bahati sponji ilitangulia, naye akaangukia juu yake. Hayo ndiyo mafanikio yetu ya mwaka huu.

Changamoto

Baada ya hapo msimamizi aliingiwa na hofu, akaamua: nyumbani! Mama Kona akatuita pembeni.

"Jamani, nikishavuka geti lile, nani ataniita tena? Yule wa gundi naye aliambiwa apone kwanza. Mnamwona?"

Hatumwoni. Mguu wake ulishapona, anacheza mpaka mpira, lakini nafasi yake ina mtu.

"Halafu huko nyumbani mkwe wangu ananihurumia kutwa," akaongeza. "Nikihurumiwa wiki nyingine nitakufa, bega likiwa limepona."

Tulicheka, mgeni rasmi, lakini tunaogopa. Leo ni bega lake, kesho kiuno cha mwingine.

Ombi

Mwacheni mezani kwake. Kukagua mishono anaweza kwa mkono wa kushoto. Uzi tutamtungia sisi. Bega likimuuma apumzike, bila mtu kumkodolea macho. Na msimamizi akitaka kujua kazi ipi ni nyepesi, amuulize mwenye bega, asiulize mizani.

La mwisho. Zawadi ya kumuagia, tunajua, ni godoro. Utuwie radhi, leo halikabidhiki. Asubuhi Mama Kona alilipitishia mkono, akakuta kona imeachia. Amelirudisha mezani, na sasa hivi yuko huko ndani anamfokea aliyeshona. Ndiyo maana kiti cha muagwa kiko kitupu.

Mungu akujalie usingizi mzuri, kiuno kisichouma na mabega mawili mazima.

Ni sisi wako, wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, pamoja na Mama Kona, ambaye amesema haagwi mtu hapa.