Rodah Chepkurui, Fundi Aliyefungua Betri Zilizozibwa

Wachungaji, wazee, majirani na wote mliokusanyika nasi hapa Sosiot leo Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1998, haya nitakayosoma yameandikwa na Mwalimu Nicholas Kipkosgei, mume wa marehemu, na mimi Kipruto, kaka yake marehemu, nimekabidhiwa kwa sharti moja, kwamba nisiruke hata mstari, kwa sababu kuna jambo ambalo dada yangu alistahili kuambiwa akiwa hai na hakuambiwa, na mumewe anataka lisemwe kabla marehemu hajateremshwa kaburini.

Rodah Chepkurui alizaliwa tarehe 14 Mei 1956 huko Roret, Bureti, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane. Alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani kuanzia 1963 hadi 1969, na ni katika miaka hiyo alipomshangaza baba yetu, ambaye alikuwa na desturi ya kuanika mawe ya tochi, yaani betri zake, juani ili yapate nguvu na kuyatupa yote matatu yakikataa, kwa kumwonyesha kwamba jiwe lililokufa huwa ni moja tu na mengine mawili hayana kosa. Aliendelea na masomo ya sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mjini Kisumu, ambako alisomea umeme kwa miaka mitatu, akiwa msichana pekee darasani, na akahitimu mwezi Novemba 1976.

Tarehe 3 Februari 1977 aliajiriwa kama fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai nje ya mji wa Kericho, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine. Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani Roret na Nicholas Kipkosgei, mzaliwa wa Sigor, aliyekuwa amemaliza Chuo Kikuu mwaka uliotangulia na kuanza kufundisha kemia, na mwaka 1983 wakajenga hapa tulipo, wakapanda chai kidogo na kufuga ng'ombe wawili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Chepkorir aliyezaliwa 1981 na Gideon aliyezaliwa 1985.

Mwezi Machi 1991 kiwanda kilinunua foklifti mbili za umeme, yale magari madogo ya kuinua mizigo, kwa kuwa chai hunyonya harufu yoyote iliyo karibu nayo, na wanunuzi wa mnadani Mombasa walikuwa wamelalamika kwamba majani yananuka dizeli. Kila gari lilibeba sanduku la chuma lenye seli ishirini na nne za madini ya risasi na asidi, zilizounganishwa kwa bolti, hivyo seli moja ikifa Rodah aliipima, akaifungua kwa spana, akaweka nzima, na kabla ya chai ya saa kumi gari lilikuwa limerudi ghalani. Joab, dereva wa foklifti, alimzoea kwa utani, kila gari lilipozimika alikuja mlangoni akilia, "Fundi, hii ikikufa leo mimi nitabeba magunia na kichwa, na kichwa cha Mjaluo si ya magunia, ni ya vitabu," naye Rodah alimjibu bila kuinua macho, "Basi kalete hivyo vitabu tuone kama unavisoma."

Mwezi Agosti 1994 betri za kwanza zilichakaa na zikaletwa za aina nyingine. Hizi hazikuwa na bolti, seli zake ziliungwa kwa risasi iliyoyeyushwa, vifuniko vikazibwa kwa lami, na karatasi zake zilisema zisifunguliwe, bali sanduku zima lirudishwe lilikotoka ng'ambo, safari ya miezi mitano. Seli ya kwanza ilikufa Januari 1995, katikati ya msimu wa majani mengi, na wakubwa waliposema sanduku zima litupwe, Rodah aliwauliza mbele ya watu wote, "Jino moja likiuma, mnazika mtu mzima?" Wakacheka, wakamwachia. Aliyeyusha lami, akakata risasi kwa moto wa gesi, akatoa seli mbovu, akaunga nyingine kwa mkono wake, na kuanzia siku hiyo hakuna sanduku lililotupwa, ila kila ukarabati ulimfungia siku mbili katika chumba chenye dirisha moja, akivuta moshi wa risasi.

Kiwandani kulikuwa na desturi, na ingali iko, kwamba anayefanya kazi na asidi au risasi hupewa pakiti ya maziwa kila siku, kwa imani kwamba maziwa hukusanya sumu na kuitoa tumboni. Rodah hakuiamini sana. Tarehe 12 Februari 1995 aliandika barua kwa meneja, akisema hatafungua sanduku jingine mpaka chumba kiwekwe feni ya kutoa moshi na betri zenye bolti ziagizwe, na jioni hiyo akampa mumewe aisome kwanza, kwa sababu mumewe ndiye aliyesoma kemia.

Mumewe aliisoma, akasahihisha neno moja, kisha akamwambia kwamba barua kali kama hiyo ingemharibia kazi, na kwamba kinga walikuwa nayo nyumbani. Kila Mkipsigis hujua kwamba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na yeye kila mwaka alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi mkaa unavyonyonya wino majini mpaka maji yawe meupe. Akamweleza mkewe kwamba kama mkaa hunyonya wino, utanyonya na risasi, na kwamba maziwa ya kiwanda yalikosa mkaa tu. Hakupima jambo hilo, wala hakufungua kitabu. Rodah akasema, "Haya, Mwalimu, wewe ndiye umesoma," akaikunja barua, na kila asubuhi kwa miaka mitatu alikunywa kikombe cha mursik iliyokolezwa mkaa kuliko kawaida, akaenda kufungua masanduku. Alifungua kumi na saba.

Ugonjwa ulianza Juni 1996, kwa tumbo la kukaza na kukosa usingizi, akatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo. Mwaka 1997 mkono wa kulia ulilegea kwenye kifundo, spana ikawa inamponyoka, na fizi zikaota mstari wa rangi ya majivu, ambao mumewe aliuona na hakuutambua. Mwezi Machi 1998 daktari alipeleka damu Nairobi, majibu yakaja kwamba ni risasi, na kwamba figo zimekwisha kuharibika. Mumewe alimuuliza daktari kuhusu mkaa, na daktari akamjibu kwa upole kwamba mkaa haushiki risasi, na kwamba sumu yenyewe ilikuwa ikiingia kwa pumzi. Mumewe aliuliza mara ya pili, akajibiwa hivyo hivyo.

Alirudi nyumbani na hakumwambia. Rodah aliendelea kuomba kikombe chake kila asubuhi, baadaye kikawa ndicho pekee alichoweza kumeza, na alipokimaliza aliwaambia waliokuja kumwona, "Hii ndiyo dawa ya Mwalimu, bila hii ningekuwa nimeenda kitambo." Mumewe alikuwa amesimama hapo na kibuyu mkononi. Tangu Machi hajaweza kufundisha somo la mkaa, na wanafunzi wa kidato cha tatu wamelisoma wenyewe kitabuni. Rodah alifariki Jumatano tarehe 9 Septemba 1998, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochuma chai yetu na kukamua ng'ombe bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, hasa Joab, ambaye tangu Januari ndiye anayeyeyusha lami katika chumba kile. Joab, ndugu yetu, damu yako haijapimwa. Mwalimu anaomba wewe na wenzako wawili mnaofanya kazi humo muwe langoni hapa Jumatatu saa mbili, atawapeleka hospitali mwenyewe, na barua ya feni na bolti ameiandika upya na kuitia sahihi yake.

Sasa mistari iliyobaki Mwalimu amemwandikia dada yangu, nami nitaisoma kama ilivyo. Rodah, mkaa haukuwa ukifanya kazi. Barua yako ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na mimi niliyesoma ndiye niliyekosea, nikajua, nikanyamaza. Umeambiwa, mama Chepkorir. Pumzika, na amani iwe yako.