Mama Taa na Tamasha la Ubishi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wateja wetu wa safu za nyuma ambao leo mmelazimika kukaa mbele: mimi ni mdogo wa marehemu, yule wa dirisha la tiketi. Nimeambiwa nisome kwa utulivu. Nitajaribu, ila marehemu mwenyewe hakuwahi kusimulia jambo kwa utulivu, na mambo ya wiki hii ni mengi.

Dada yetu mpendwa, mliyemjua kwa jina la Mama Taa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka la kushonea. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa pia ukuta wa ukumbi wa sinema. Picha hatukuziona, kwa maana kiingilio kilikuwa ndoto, lakini sauti zilipenya: vilio, farasi, milango, watu wakigombana kwa lugha tusizozijua. Marehemu alibandika sikio ukutani akawa anatutafsiria. "Sasa mume amerudi. Ameona viatu visivyo vyake. Oho!" Tuliamini kila neno. Alipoingia ukumbini kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka kumi, alitoka amenuna. Mama akamuuliza kulikoni. Akajibu, "Picha zangu zilikuwa nzuri kuliko zao."

Alisoma shule ya msingi ya jirani na soko kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana hadi 1975. Ripoti zake zote zilimwita mbishi. Mwalimu mkuu alimwita baba akamwambia, "Mzee, mtoto ana akili, ila hana breki." Baba akajibu kwamba kwetu breki hazijawahi kuwepo. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi akasomea umeme, msichana pekee darasani, akahitimu Desemba 1977.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika ukumbi uleule wa utoto wetu, chumba cha mitambo. Enzi hizo filamu ilikuja vipande vipande, kila mkanda na kopo lake la bati, na kazi yake ilikuwa kuirusha kwa mpangilio. Basi jioni moja ya mwaka 1983, mwongozaji wa filamu tuliyoonyesha, mgeni kutoka nje, akiwa ameketi safu ya kwanza na tai yake, marehemu akaweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Mtu tuliyekwisha kumzika tukamwona anakunywa chai! Lakini hakuna aliyeinuka. Taa zilipowaka ukumbi ulikuwa unachemka. Huyu anasema alikuwa mzimu, yule anasema pacha, mwingine anasema ni kumbukumbu za mjane wake. Wakamgeukia mgeni awaamue. Mgeni akakuna kichwa, akasema, "Nadhani nyote mna haki." Kisha akapanda ngazi kwenda chumba cha mitambo. Tukajua kazi ya dada imekwisha. Kumbe alitaka kuelezwa ule mpangilio, maana ulimpendeza kuliko wake. Tangu siku hiyo marehemu alishikilia kwamba filamu ni nusu tu, nusu ya pili ni ubishi.

Ndoa nayo ilianzia palepale. Mwaka 1985 tulionyesha filamu moja ya polepole, mzee anaezeka paa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kijana mmoja fundi saa akalala na kukoroma mpaka sauti ya nyundo ikapotea. Marehemu alishuka kumfukuza. Kijana akafumbua macho akasema, "Dada, mtu halali mbele ya wageni asiowaamini. Mimi filamu hii nimeiamini." Dada yangu hakumfukuza tena. Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1986, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ndiye mwongozaji wa filamu katika familia. Shemeji hakuacha kusinzia, wala marehemu hakuacha kumpiga kiwiko.

Mwaka 1997 watu walikuwa wamehamia kwenye video za nyumbani, na mwenye jengo akataka kuligeuza ghala la saruji. Marehemu akamwomba wiki moja tu. Ndipo likazaliwa Tamasha la Ubishi, na ghala la saruji tunalisubiri mpaka leo. Zilikuja filamu za kila pembe ya dunia, tafsiri imeandikwa chini ya picha. Utaratibu mnaujua: filamu ikiisha, anawasha taa mwenyewe, anasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Haya, tubishane!" Hutoki kabla watu hawajapingana. Tuzo yetu, kopo la bati la mkanda, haikwenda kwa filamu iliyopigiwa makofi mengi bali kwa iliyogombaniwa zaidi. Jamani, tuligombana! Je, filamu iliyokwisha kuonyeshwa kwenye simu ipewe nafasi tamashani? Marehemu alisema kutazama filamu kwenye simu ni sawa na kuogea maji ya kikombe kimoja, utalowa lakini hujaoga. Vijana wakamjibu kwamba wenzao wasio na ukumbi hawana ndoo, wafanyeje? Mwaka uliofuata akapokea filamu ya namna hiyo, na vijana hao akawakalisha mbele. Na hili la kupima makofi kwa dakika kwenye matamasha makubwa, hadi magazeti yanaandika! Shemeji lilimuudhi hasa. "Saa haikutengenezwa kwa kazi hiyo," alisema.

Mapema mwaka jana binti alianza filamu yake kuhusu ule ukuta wetu. Msimulizi ni marehemu mwenyewe, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, na kwa lugha yetu. Alikuwa amebakiza simulizi la mwisho tu pale koo lilipoanza kumsumbua. Ilikuwa saratani. Tarehe 6 Machi mwaka huu madaktari walimfanyia upasuaji, wakaokoa maisha kwa muda, lakini sauti ikaenda.

Hapo ndipo ulipotokea ubishi mkubwa kuliko yote, na ulikuwa wa nyumbani, mezani, sahani hazijaondolewa. Fundi wa sauti alisema kompyuta inaweza kujifunza sauti ya marehemu na kuyasema maneno yaliyobaki, wala hakuna atakayegundua. Huko duniani watu wa filamu wanagombana kwa jambo hilohilo. Wako wanaosema ni wizi, wako wanaosema ni chombo tu kama kamera. Binti alituletea mfano tuusikilize. Ilikuwa ni yeye kabisa! Shemeji akalia. "Mimi naitaka sauti hiyo," alisema. "Hata kama ni ya bandia, niachieni." Marehemu akachukua kibao chake cha chaki, akaandika, akamgeuzia mumewe: "Huyo hajawahi kubishana na wewe." Shemeji akasoma, akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa upande wa kompyuta, na nasema mbele yenu kwamba sijashawishika bado. Lakini sauti ilikuwa yake, na uamuzi ukawa wake: mwisho wa filamu ubaki kimya, maneno yaandikwe chini, anayetaka kuyasikia ayasome.

Filamu ikachaguliwa na tamasha kubwa la nje! Nilipiga kelele mpaka tiketi zikaruka. Lakini matamasha hayo yana masharti ya wakwe: wanataka filamu ambayo haijaonekana popote. Kwa hiyo ilibidi ukumbi wetu usubiri, na marehemu hakuwa na muda wa kusubiri. Binti akataka kukataa. Kibao kikaandikwa, "Nenda. Mimi niliisikia kwanza kupitia ukuta."

Jumamosi tarehe 11 Oktoba, mchana, tulijaa chumbani kwake. Binti, akiwa huko ukumbini, alitupigia simu ya video, kamera ikitazama watu, maana kurekodi filamu ni marufuku. Basi tukawatazama watu wakitazama. Mwisho ukafika, sauti ikanyamaza. Mara, taa zote zikawaka! Fundi wa mitambo wa kule, maskini, alidhani spika zimekufa, akasimamisha filamu. Mtu mmoja akasema imeharibika. Mwanamke wa nyuma yake akamkatalia, hii ni makusudi. Wa tatu akaingilia, na dakika hiyohiyo ukumbi mzima ulikuwa umesimama unagombana, binti akitutafsiria kwa kunong'ona. Marehemu aliketi, yeye aliyekuwa hawezi kuketi, akapigapiga kitanda, mabega yakitikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Akaandika kwa herufi kubwa, akainua kibao mbele ya simu: HAYA, TUBISHANE. Wakaelezwa kosa, filamu ikaendelea, ukimya ukafika mwisho wake, na makofi yakaanguka. Nikamuuliza shemeji yalichukua muda gani. Akasema hakuangalia saa.

Tuzo hatukupata. Marehemu aliandika kwamba majaji nao wana haki ya kukosea.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha mume, binti, mkwe, mjukuu mmoja mbishi, wadogo watatu, na ukumbi.

Leo saa kumi jioni, filamu hiyo itaonyeshwa kwetu kwa mara ya kwanza. Karibuni nyote, kiingilio hakuna. Baadaye nitasimama mlangoni mimi, na hatoki mtu kabla hatujabishana, nikiwemo mimi wa upande wa kompyuta. Na wewe fundi wetu wa mitambo, tafadhali: sauti itakapokatika mwishoni, usiguse kitu. Hakuna kilichoharibika. Ni dada yangu amenyamaza.

Lala, dada. Taa tutawasha sisi. Pumzika kwa amani.