Asilimia Mia na Ishirini

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi viatu, na mguu wake mmoja ni tofali. Mchana huo kesi ilikuwa ya Daktari. Siyo daktari wa sindano, la! Ni mwalimu wa hesabu anayetaka kusomea udaktari wa uchumi chuo kikuu, nasi tulimpa cheo mapema ili akizoee. Amechagua vyuo vinane. Je, atapata?

— Kila chuo kinachukua wangapi? aliuliza Bima, mstaafu wa kampuni ya bima, kiatu chake kimoja kikiwa kwa fundi.

— Kumi na tano katika kila waombaji mia, Daktari akajibu kinyonge.

— Kumi na tano mara vyuo vinane... Bima akaandika nyuma ya risiti ya fundi. Mia na ishirini! Jamani, huyu kaingia na chenji inabaki!

Tukalipuka. Nilijimwagia kahawa na wala sikujali. Daktari huwapa watoto wa watu sifuri kwa hesabu za namna hiyo, lakini hii aliipokea kwa mikono miwili. Raha ilimzidi.

— Ishirini ya ziada ampe mkewe, nikasema.

— Bado barua ya sifa, akadakia Fundi. Naandika mimi: soli zake huisha upande mmoja, ni mtu anayetembea huku anawaza.

— Hiyo peke yake thelathini! Bima akajumlisha. Mia na hamsini! Vyuo vitashtakiana!

— Mwaka jana mlinipa tisini tu, Daktari akasema, anafuta machozi ya kicheko.

— Na mwaka juzi sitini, Bima akamkumbusha. Unapanda, mwanangu!

Dada yake mkubwa, muuguzi, alikuwa anatoka kazini. Akasimama kutusikiliza.

— Shikamooni. Fomu ameshatuma?

Nikamtazama Bima. Bima akamtazama Fundi. Fundi akainamia kiatu cha mteja mwingine, alichokwisha kukimaliza. Miaka mitatu tunapiga hesabu, na hakuna aliyewahi kuuliza.

— Nilikuwa nangoja nafasi ifike mia, Daktari akasema. Naogopa kukataliwa, dada.

— Mwisho lini?

— Leo. Saa kumi.

Ilikuwa saa tisa. Fundi akafunga kibanda, jambo ambalo hajawahi kulifanya mchana, tukakimbilia wote duka la intaneti, Bima na kiatu kimoja. Daktari akabonyeza. Vyuo vyote vinane.

— Haya Bima, sasa nafasi yake ni ngapi? nikauliza.

Bima akatoa ile risiti, akakata hesabu zake zote, akaandika upya.

— Zaidi ya sifuri.

Tulishangilia mpaka mwenye duka akatutoa nje.