Mfumo Uliokubali Kuzimwa: Miaka Ishirini na Moja ya Kasimiro Jale

Tarehe 31 Desemba 1999, Mwalimu Kasimiro Jale atakabidhi funguo za chumba cha kompyuta cha Chuo cha Biashara cha Oli, baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi. Wasomaji wengi wa jarida hili wanamjua kama mkuu wa idara ya kompyuta, mtu wa Koboko mwenye sauti nzito na viatu vinavyong'aa hata masika. Nimeombwa kuandika kwa sababu nilikuwa mkuu wa chuo katika sehemu kubwa ya miaka hiyo. Afya yangu haiahidi mengi tena, kwa hiyo nitasema mambo yalivyokuwa.

Aliajiriwa mwanzoni mwa 1979 kufundisha kupiga taipu. Haukupita muda vita vikafika hapa mjini kwetu Arua, chuo kikafungwa, nasi tukavuka mpaka kuingia Zaire. Huko, katika kambi ya mji wa Aru, hatukuwa na taipureta hata moja. Jale alichora herufi kwenye vipande vya mbao, akawakalisha vijana chini, nao wakawa wanapiga mbao kila asubuhi. Majirani wa kambini walidhani ni ngoma ya kabila fulani. Miaka ile ya ukimbizi anaihesabu kuwa ya kazi, na hakuna ofisa aliyethubutu kumkatalia.

Chuo kilipofunguliwa tena mwaka 1986, tulipata jenereta lakini hatukuwa na mahali pa kuiweka. Mama Rabia, mjane wa mwanajeshi, alitupa kona ya kiwanja chake karibu na msikiti. Alikuwa na sharti moja, nami nalikumbuka kwa maneno yake: "Mashini yenu iko na kelele mingi. Saa ya magharibi inyamaze, watu wasikie adhana." Jale, ambaye ni Mkatoliki, ndiye aliyempa mkono. Tangu siku hiyo jenereta ilizimwa kila adhana ya magharibi, ikawashwa sala ilipokwisha. Wanafunzi Wakristo walitumia nafasi hiyo kuchota maji.

Sharti hilo halikumsumbua mtu hadi mwaka 1995. Mwaka huo wafadhili waliahidi kutuletea kompyuta kumi. Zilitakiwa kuunganishwa pamoja, kwa hiyo chuo kilipaswa kuchagua mfumo endeshi wa mtandao, yaani programu inayoamua jinsi kompyuta zinavyowasiliana, nani afungue kazi ipi, na kazi hiyo ihifadhiwe wapi. Mshauri wa wafadhili, Bwana Onzima, kijana wa Dadamu aliyesomea Kampala, alipendekeza mfumo mkubwa wenye seva: kompyuta moja inayotunza kazi za zote. Hoja zake zilikuwa nzuri. Kila mwanafunzi angekuwa na nywila yake, na kazi zote zingekaa mahali pamoja. Wafadhili walikubaliana naye, na walitaka sahihi yangu kabla ya Ijumaa. Tusipotia sahihi, kompyuta zingepelekwa kwingine.

Jale alikataa. Alitaka mfumo mdogo usio na seva, ambao kila kompyuta inatunza kazi zake na kuazima za jirani yake.

"Mwalimu, dunia yote iko na seva," Onzima alimwambia mbele ya kamati.

"Dunia yote iko na umeme, kijana yangu," Jale akajibu. "Sisi iko na Mama Rabia."

Kamati ilicheka, lakini yeye hakucheka. Aliomba mifumo yote miwili ijaribiwe jioni, kazi ikiendelea, na akamweleza Onzima waziwazi kwamba jenereta ingezimwa kama kawaida. Onzima alikubali. Alikuja na kompyuta nne katika gari, akaziunganisha kwa mfumo wake, na katibu wetu, Bi Viktoria Mindra, akaketi kuingiza matokeo ya mitihani. Adhana ilipoanza, chumba kikawa giza.

Taa ziliporudi, seva haikurudi nazo. Ilikuwa imekatwa bila kufungwa, na sasa ilibidi ijikague kwanza. Kompyuta nyingine tatu zilikaa zikiisubiri kama wagonjwa nje ya mlango wa daktari. Ilipomaliza, matokeo ya darasa zima hayakuonekana.

"Onzima, mwanangu," Bi Viktoria alisema akikunja mikono, "umekula kazi yangu yote, na hata asante hujasema."

Jioni iliyofuata ilikuwa zamu ya mfumo mdogo. Giza lilipokuja, Bi Viktoria alipoteza ukurasa aliokuwa akiuandika. Mwanga uliporudi, kila kompyuta iliamka peke yake na kuendelea.

Onzima hakukata tamaa kwa urahisi, na namheshimu kwa hilo. Alisema kosa halikuwa la mfumo, bali la kuzima jenereta bila kufunga seva, na kwamba tulichohitaji ni kumwomba Mama Rabia alegeze sharti lake. Kamati ilinigeukia. Kompyuta kumi ni kompyuta kumi, na nakiri nilianza kupanga moyoni maneno ya kumwambia yule mama. Jale alisimama. Alisema kiwanja tulipewa kwa neno tu, na neno hilo alilitoa yeye. Kama chuo kinataka kulivunja, kitafute kwanza mwalimu mwingine. "Mfumo tutabadilisha siku yoyote," alisema. "Jirani tutabadilisha na nini?"

Nilitia sahihi kwenye mfumo mdogo. Onzima alichukua uamuzi wetu, akauandikia maelezo yake mwenyewe na kuutetea kwa wafadhili. Kompyuta zilifika zote kumi.

Sitaficha kwamba tulilipia uchaguzi huo. Kazi za wanafunzi zilitawanyika, na mmoja wao, ambaye sasa ni karani mwaminifu, aliwahi kufungua kompyuta ya jirani na kunakili insha nzima, pamoja na jina la mwenye insha. Jale alibeba lawama zote. Kila asubuhi alipita kompyuta moja baada ya nyingine na disketi zake, akihifadhi nakala za kazi za jana.

Mwaka jana chuo kilipata paneli za sola na betri. Wiki hiyohiyo Jale aliingia ofisini kwa mkuu wa sasa akidai mfumo mkubwa wenye seva, na kwa ukali uleule. Bi Viktoria alimuuliza kama hakuwa yeye aliyeukataa. "Nilikataa kuzimika," alisema. "Sasa hatuzimiki." Akamwita Onzima kutoka Kampala, na wote wawili wakaisimika seva kwa mikono yao. Jioni ya kwanza jenereta ilinyamaza kama siku zote, adhana ikasikika, na hakuna mwanafunzi aliyeinua macho kutoka kwenye kazi yake.

Nina jambo moja la kukiri kabla sijaondoka duniani. Sahihi ile ya mwaka 1995 niliitia bila kuelewa mfumo endeshi wa mtandao ni kitu gani, na hadi leo sielewi sawasawa. Nilimwelewa Jale.

Mrithi wake ni Bwana Drani. Jale amemwambia kwamba akipata mfumo bora kuliko huu, aubadilishe bila kumwonea haya mzee, ila jioni ya kwanza aujaribu na taa zikiwa zimezimwa.

Mwalimu Jale, chuo kinakushukuru, na mimi nakushukuru kuliko nilivyowahi kukuambia. Nenda Koboko ukapumzike na mkeo Mariam Poni na wajukuu. Tunakuombea siku nyingi, nguvu ya kuzifurahia, na majirani wa kupeana nao mkono.

Anselmo Ocama
Mkuu wa chuo mstaafu, Awindiri