Dkt. Mbinya Ndeti na Bahari ya Mbumbuni

Baada ya miaka ishirini na minne katika Idara ya Fizikia hapa Kwa Vonza, Dkt. Mbinya Ndeti anastaafu tarehe 30 Juni. Alikuja akiwa mwembamba, mwenye haraka na asiyekubali chai ya rangi. Wembamba tu ndio umeondoka.

Kazi yake, kwa tusioijua, ni hii: mawimbi ya rada yakigonga bahari iliyochafuka hutawanyika kila upande. Yale yanayorudi humchanganya mtazamaji, na mtumbwi mdogo hupotea humo. Mbinya alitunga hesabu ya kukadiria mtawanyiko huo ili mtumbwi uonekane. Mbona kazi ya bahari ifanyiwe hapa Kitui, ambako hata maji ya kunywa hufuatwa kwa punda? Ukimuuliza, atakuuliza kama wanaochunguza mwezi wanaishi huko.

Mwaka jana hesabu ilibidi ipimwe, la sivyo jasho lake lote lingebaki kwenye kompyuta. Bahari haikubali kutulia ipimwe. Shamba lililolimwa hutulia, nalo lina migongo na mabonde yake. Kutoka maji hadi udongo, hesabu hurekebishwa tu. Mulinge, mkulima wa Mbumbuni, akakubali kuliacha shamba lake na madongoa yake hadi tupime. Rada tuliyoazima ilitakiwa kurudishwa Ijumaa.

Jumatatu tukakuta shamba limekuwa tambarare kama uwanja wa mpira. Akina mama wa mwethya, wale wanaolimiana kwa zamu, walikuwa wameona shamba limelimwa, halijapandwa, na mvua iko karibu. Wakasema maskini Mulinge ni mgonjwa. Wakavunja madongoa, wakasawazisha, wakapanda ndengu hadi mbegu zikaisha, kisha wakamwombea apone. Mulinge mwenyewe alikuwa sokoni, buheri wa afya.

Mbinya, mwenye haraka siku zote, aliketi chini, na anayemjua anajua hilo ni janga. Mimi nilishaanza kukunja nyaya. Mbula, kiongozi wa mwethya, alipoelezwa alishika kichwa, kisha akatazama kipande cha chini ambacho mbegu hazikukifikia.

“Mwalimu,” akasema, “hayo mawimbi unayataka yawe na urefu gani?”

Wakarudi na majembe. Mbinya akawa anawasahihisha, nao wakamwambia asogee kando, hawajaanza kulima leo. Jioni bahari ilikuwa tayari. Alhamisi rada ikasoma karibu kabisa na hesabu ilivyotabiri, na Mbinya akalia mbele yetu sote bila haya. Tulimsaidia kulia. Hesabu hiyo sasa inajaribiwa pwani, na mitumbwi inaonekana.

Asante, Mbinya, kwa wanafunzi uliowafundisha kutokukata tamaa, na kwa kutugombeza pale tulipostahili. Tungekutakia mapumziko, lakini Mbula amekataa katakata: aliyelimiwa naye hulima, na Julai mosi asubuhi mwethya, nawe ukiwemo, unachimba matuta shambani kwa Mbula. Tunakutakia mgongo imara, Mwalimu.