Bega la Dosithée

Sogezeni viti, wanangu. Rose-Délima, zima hiyo redio, na wewe Normand kaa chini, maana umesimama hapo mlangoni kama mtu aliyetumwa kusoma mita ya umeme. Maneno ya daktari mliyasikia jana, sina haja ya kuyarudia. Pumzi ya asubuhi hii ninayo, ya kesho sijui, na nimekusudia kuitumia kwa jambo moja ambalo nimelibeba miaka arobaini na minane, na kila nilipofungua mdomo kulisema, mtu alinikata kauli. Leo msinikate.

Nyumba hii nimewaachia ninyi wawili sawasawa, karatasi ziko kwa mwanasheria kule Shediac. Shamba la viazi limeni au uzeni, mimi sitakuwepo kusononeka. Zito ni lile banda la kukaushia samaki na mjomba wenu Dosithée, na mambo hayo mawili siwezi kuyatenganisha.

Mnajua kwamba nilikuwa refa wa mieleka. Mnachokijua ni shati la mistari lililoning'inia kabatini, basi. Kazi yenyewe sikuwaambia, kwa sababu tuliapa kutowaambia hata wake zetu, na mama yenu Zélica alikufa akijua nusu tu. Haya, kwenu ninyi kiapo nakivunja leo: ule mchezo ulikuwa wa kupangwa. Maumivu yalikuwa ya kweli na mifupa iliyovunjika ilikuwa ya kweli, lakini mshindi alijulikana tangu wakati wa kunywa chai ya asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kupiga turubai la ulingo kwa kiganja mara tatu pale nilipoambiwa nipige.

Bwana Tingley, yule Mwingereza wa Moncton aliyeandaa michezo, aliwaleta wanamieleka kila kiangazi, barafu ikishayeyuka kwenye kumbi za hoki, na tulizunguka nao mji kwa mji toka Mei hadi Septemba. Mwaka sitini na mbili alitaka ubingwa wa wawili kwa wawili, ule wa mmoja kuingia ulingoni na mwenzake kungoja nje ya kamba mpaka aguswe mkono. Akaliambia gazeti kwamba jozi fulani imeshinda mashindano makubwa Boston na kuwa mabingwa wa Mikoa ya Bahari, hii yetu ya mashariki ya Kanada. Hakukuwa na mashindano. Mikanda ilishonwa na fundi wa hatamu za farasi, na hao mabingwa, siku waliyodaiwa kushinda Boston, nilikuwa nao Shediac mezani tukila chaza. Ndivyo ubingwa ule ulivyozaliwa. Kwa miaka kumi na minne mikanda ilihama mikono mara kumi na tisa. Waliwahi kuishika ndugu mapacha kutoka Ontario ambao hawakuwa mapacha wala ndugu, na ilikuwa lazima niwatenganishe kila asubuhi wasipigane kwa kweli. Waliishika watu wawili waliovaa vinyago, na chini ya kinyago kimoja, wiki tatu nzima, alikuwa dereva wa lori la ulingo. Jozi moja iliondoka kwa hasira kwenda Calgary bila kwaheri, na Bwana Tingley akatangaza kwamba wamepokonywa ubingwa Truro, katika mchezo ambao hakuna binadamu aliyeuona, nami nikatajwa gazetini kuwa refa wake. Siku hiyo nilikuwa hapa hapa nikipaka rangi kibaraza.

Dosithée nilimpeleka mimi kwa Bwana Tingley. Alikuwa kaka wa mke wangu, kifua kipana, mikono imekomaa kwa kupanda na kushuka bandani akitundika samaki moshini, na kucheka kwake kulisikika toka barabarani. Tulipendana. Hakuniita kwa jina, aliniita shemeji tu, hata mbele ya padri. Walimuunga na Alphée Bourque wa Memramcook, wakaitwa Jozi ya Moshi, na watu wetu, ambao walizoea kuona Mwakadia, Mfaransa wa pwani hii kama sisi, akifanywa kichekesho, waliwapenda mpaka wakawaletea samaki wakavu ukumbini badala ya maua. Walikuwa mabingwa kuanzia mwaka wa sabini.

Sasa sikilizeni vizuri. Tarehe kumi na tano Agosti, sabini na moja, Jumapili, sikukuu ya Mama Maria, ukumbi wetu wa Cap-Pelé, saa nane mchana baada ya watu kumaliza kuzunguka mitaani wakigonga masufuria, kama desturi yetu ya sikukuu. Bibi yenu, mama yake Dosithée, hakuwa amewahi kuja kumwona mwanawe akicheza, na siku hiyo alikaa mstari wa mbele na kofia yake ya kanisani. Wapinzani walikuwa watu wawili wa Texas, mmoja mkubwa kama jokofu aliyeitwa Harlan Stokes. Mpango ulikuwa hivi: Stokes amwangushe Dosithée na kumlalia, mimi nihesabu moja, mbili, Dosithée anyanyue bega kabla ya tatu, maana mabega yakibaki chini hadi tatu umeshindwa, Stokes apande juu ya kamba na kumrukia shingoni kwa goti, Dosithée abiringike apishe, kisha amguse Alphée, na Alphée amalize. Jozi ya Moshi ishinde nyumbani, mama apige makofi, twende wote kula.

Stokes akamwinua na kumtupa. Chini ya turubai kulikuwa na mbao, na ubao mmoja ulikuwa umechomoka, na kichwa cha mjomba wenu kikatua kwenye ukingo wake. Sauti ile sikuwahi kuisikia kabla wala baada. Stokes akamlalia kama ilivyopangwa. Nikapiga moja. Nikapiga mbili. Bega halikutikisika. Nikajifanya nainama kutazama, nikamnong'oneza, "Dosi, bega. Inua bega." Macho yake yalikuwa wazi. Akaniambia taratibu kabisa, "Baba, funga mlango, moshi unatoka." Baba yake alikuwa kaburini mwaka wa kumi. Na Stokes, uso wake kifuani kwa mwenzake, haoni kitu, ananiuliza, "Amechelewa huyu, nipande?"

Mtaniuliza kwa nini sikusimamisha mchezo. Niliulizwa na mama yenu, nimejiuliza mwenyewe nikinyoa ndevu maisha yangu yote. Kengele haikuwa yangu, kelele zilikuwa za watu elfu mbili, na Stokes, bila kungoja jibu, alikuwa ameshaanza kujinyanyua kwenda kwenye kamba. Mtu anayedhani yuko bandani na baba yake hawezi kubiringika. Nilikuwa na muda wa kushusha mkono mmoja. Nikapiga tatu. Kengele ikalia, mchezo ukaisha, shingo yake ikapona, na ubingwa ukaenda Texas.

Viti vilivyorushwa siku ile sikuvihesabu. Bibi yenu alinipiga kwa mwavuli hapa, kovu mnaliona, na mama yenu, akiwa na mimba yako wewe Normand, alinipitisha chumba cha mashine ya barafu ndipo nikatoka hai.

Bwana Tingley siku mbili alininunia. Ya tatu akaona watu wamepanga foleni Moncton na Miramichi kutaka kisasi, ndipo akaanza kusema kila mahali kwamba alipanga yeye, kwamba refa alishakubali tangu Ijumaa. Nilipofika hospitali kumwona Dosithée, maneno hayo yalikuwa yamefika kabla yangu.

"Tingley anasema mlikaa mkapanga, wewe na yeye. Kweli au si kweli?"

"Si kweli, Dosi. Hukunyanyua bega."

"Mimi? Mama yangu amekaa pale, mimi nisinyanyue bega?"

"Ulikuwa hujitambui. Ulikuwa unaongea na baba yako."

"Sasa unamwingiza na marehemu. Toka."

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Nilirudi siku ya pili, mkewe akanizuia mlangoni. Niliandika barua, ikarudi haijafunguliwa. Nilimtuma padri, padri akarudi ananishauri mimi niungame. Kumwambia Dosithée sikuweza kwa sababu hataki kusikia, na kuwaambia watu wengine sikuweza kwa sababu ningefichua kazi ya wote, pamoja na yake. Alphée peke yake alijua, maana aliliona bega kutoka kwenye kona. Naye alikufa kwa gari mwaka uliofuata. Siku tulipomzika mama yenu, Dosithée alisimama nje ya uzio wa makaburi, ndugu yake wa damu anashushwa, na hakuvuka uzio kwa sababu mimi nilikuwa ndani.

Ubingwa wenyewe ulikufa mwaka sabini na sita pamoja na Bwana Tingley, na mjane wake akanipa mkanda mmoja, uko chini ya ngazi, umeota ukungu. Mpeni yule bwana wa Halifax anayeandika historia ya mikanda. Alikuja hapa na daftari, mtu mpole sana. Orodha yake ina mabadiliko yote kumi na tisa. Mashindano ya Boston ameyaandika, na tarehe ameweka. Mchezo wa Truro ameuandika, na jina langu kama refa. Kwenye Agosti kumi na tano ameandika hivi: refa alinunuliwa. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akafunga kalamu yake, akasema, "Bwana Robichaud, kila refa niliyemuuliza anajitetea hivyo." Kumi na nane ya kutunga ameyapitisha bila swali. Mara moja tu katika ubingwa ule mabega ya mtu yalikuwa chini kwa kweli na mkono ukapiga kwa kweli, na hiyo ndiyo ameitilia doa. Nilimkaribisha chai akanywa akaenda, nami nikabaki kiti hiki na hasira yangu mpaka Rose-Délima akanikuta.

Nipe maji. Kidogo, basi.

Banda la samaki lilikuwa la babu yenu, nusu ya Zélica, nusu ya Dosithée, na kwa sababu hakuna aliyetaka kukutana na mwenzake humo ndani, limefungwa mpaka paa limeingia ndani. Normand, nusu ya mama yako nimewaandikia watoto wa Dosithée. Usinitazame hivyo. Najua umeshazungumza na wale wa Moncton wanaojenga nyumba za likizo. Ulipigana na binamu yako Léandre kwenye hoki mkiwa vijana, ukarudi jino limetoka, unanitetea kwa jambo usilolijua, naye anamtetea baba yake kwa jambo asilolijua. Nami nilifurahi. Sikukukemea, nilikukatia nyama kubwa zaidi mezani. Kosa hilo si la Tingley wala la Dosithée, ni langu, nisamehe.

Mwezi wa tatu nilimlazimisha Rose-Délima anipeleke kwenye ile nyumba ya wazee Bouctouche. Yeye alibaki garini, kwa hiyo haya hayajui. Dosithée alikuwa dirishani, blanketi magotini. Yale mapigo ya kichwa yamekula kumbukumbu yake yote. Alinichangamkia kama mgeni, akanisogezea biskuti. Nikamweleza kila kitu, polepole, nikisema "mwanamieleka mmoja" na "refa mmoja", na alinisikiliza kwa makini, jambo nililolitafuta tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nilipomaliza akasema, "Huyo refa alifanya sawa. Ningekuwa mimi ningehesabu vilevile. Angemvunja shingo mwenzake yule." Nikashika kiganja chake. Naye akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, mzee, wewe ni mume wa nani?"

Nikasema, "Wa Zélica."

Akautoa mkono wake, akageukia ukutani. Nilikaa saa nzima. Mieleka ameisahau, Texas ameisahau, jina la mama yake haliko, ila kwamba mume wa Zélica hasemeshwi, hilo limebaki.

Kwa hiyo... ngoja nipumue. Kwa hiyo msije mkaniambia muda upo. Léandre anakaribia miaka hamsini, wewe pia, Normand. Nenda kwake leo. Mpe hati ya banda mkononi mwake, mwambie habari ya bega kama nilivyoisema, usiipambe. Akikufukuza, kesho rudi. Mazishini mwiteni aje na baba yake, na wakae mbele pamoja nanyi, na Dosithée akiuliza nani kafa, mwambieni ni jirani. Asisumbuliwe.

Mungu awalinde, wanangu. Awape... awape watu wa kuwasikiliza mkiwa bado na sauti. Rose-Délima, wewe kaa, nishike huku, mkono wa kulia umekufa ganzi. Normand aende. Yuko kwenye kibanda chake hapo ng'ambo sasa hivi Léandre, anatengeneza nyavu, nimemwona mchana wote wa jana... kutoka dirishani. Mwache Normand aende.